Trekta la Mtumba: Kasoro, Bei na Haki ya Mnunuzi

Kurasini, kata ya Wilaya ya Temeke inayopakana na bandari ya Dar es Salaam, ni mahali ambapo shehena nyingi hupumzika baada ya kushushwa melini na kabla ya kupakiwa kwenye malori, na kwa sababu hiyo eneo lake limejaa maghala, bandari kavu, yaani vituo vya forodha vilivyo nje ya gati ambamo mizigo hukaguliwa na kulipiwa kodi, pamoja na yadi ambamo magari na mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo husubiri wateja. Miongoni mwa mitambo hiyo yamo matrekta ya kilimo, hasa Massey Ferguson na Ford yaliyolimia mashamba ya Uingereza kwa miaka ishirini, thelathini au zaidi, na matrekta madogo ya Kubota, Iseki na Yanmar kutoka mashamba ya mpunga ya Japani. Mnunuzi mara nyingi hakai Dar es Salaam. Hutoka Kibaigwa, Kiteto, Ifakara au Mbarali akiwa na fedha za mavuno, za ukoo au za kikundi, na hulazimika kuamua kwa saa chache kuhusu chombo ambacho kasoro zake zitajitokeza miezi kadhaa baadaye, mamia ya kilomita kutoka pale alipokinunulia.

Kasoro yenyewe si jambo la kushangaza, kwa kuwa hakuna trekta la mtumba lisilo na ubovu wa aina fulani. Kinachotenganisha ununuzi wa busara na hasara ni kama ubovu huo ulijulikana na kuingizwa katika bei kabla ya fedha kutolewa, na kama unaweza kutengenezwa kule trekta linakokwenda. Umri hauna uzito mkubwa kama wengi wanavyodhani. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na Massey Ferguson 290 lililokuja baadaye likiwa na injini ya Perkins ya silinda nne na nguvu farasi zinazokaribia themanini, hayana kompyuta wala vihisio vya umeme vinavyohitaji vifaa maalumu vya kuyapima. Pampu ya nozeli, klachi na hidroliki zake huendeshwa kimakanika tupu, na fundi wa Kibaigwa aliyekwisha kuifungua injini ya Perkins mara kadhaa huijua kwa mikono yake. Trekta jipya zaidi lenye mifumo ya kielektroniki, likinunuliwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu mwenyewe wa Ulaya alishindwa gharama zake, linaweza kugeuka mzigo mzito kuliko zee la miaka arobaini.

Funzo hilo lilipatikana katika ardhi ya Tanganyika kwa gharama kubwa sana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga uliokusudia kufyeka na kupanda mamilioni ya ekari katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, lakini kwa kuwa viwanda vilikuwa havijarudia uzalishaji wa kawaida baada ya Vita Kuu ya Pili, wasimamizi walinunua matrekta na mabuldoza yaliyotumika jeshini, mengi yao kutoka katika mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na hata vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Mitambo hiyo ilipitia bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa ndogo mno kwa shehena ya namna hiyo, ikafika Kongwa ikiwa imechoka, na sehemu kubwa ikalala karakana katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa spea zilikuwa zimechanganyika au hazikuwapo kabisa, madereva walikuwa wageni wa kazi hiyo, na udongo wa Kongwa, unaokauka na kuwa mgumu mara mvua zinapokatika, ulikwangua vyuma kwa kasi isiyotarajiwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wanahistoria wamezungumza sana kuhusu mvua haba na mipango ya mezani, na wana haki, lakini upande wa mitambo haustahili kupitwa: wanunuzi walihesabu idadi ya matrekta waliyoyapata, wasihesabu spea, mafundi na udongo.

Mtu anayeingia yadi leo yuko katika hali isiyotofautiana sana na hiyo, isipokuwa yeye ana nafasi ya kuligusa trekta kabla ya kulilipia. Jambo la kwanza linalopaswa kumtia shaka ni rangi mpya. Kupaka rangi si kosa, na muuzaji mwaminifu hupaka pia, lakini rangi iliyomwagika juu ya mipira ya hidroliki, juu ya nyaya na hata juu ya kibati cha namba huonyesha kwamba kazi ilikuwa ya kufunika na si ya kutengeneza, kwa sababu fundi aliyeifungua mashine kweli huwa amevitoa au kuviziba vitu hivyo kwanza. Mita ya saa, yaani kile kifaa kinachohesabu muda ambao injini imefanya kazi, nayo isiaminiwe upesi. Katika matrekta ya zamani mita hiyo huzungushwa na injini yenyewe, hivyo huhesabu saa moja kamili pale tu injini inapozunguka kwa mwendo maalumu uliowekwa kiwandani, na injini ikizunguka polepole huhesabu pungufu. Tena inaweza kubadilishwa kwa dakika chache. Ushahidi bora uko kwenye vitu visivyokumbukwa na mtu anayepamba: pedali ya klachi iliyolika upande mmoja, matundu ya pini za kufungia plau yaliyopanuka, meno ya shafti ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha zana, yaliyochongoka, na ekseli ya mbele inayocheza gurudumu linapotikiswa kwa mikono miwili.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji anayejua kwamba injini yake inasumbua kuwaka asubuhi huiwasha mapema kabla mteja hajafika, na kwa hiyo mkono uliowekwa kwenye bloku kabla ya swichi kuguswa hutoa habari ambazo maneno hayatoi. Ikiwaka, moshi husomwa kwa rangi: mweusi unaoendelea huashiria mafuta yanayozidi hewa, pengine kwa sababu ya nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba, wa buluu huashiria oili inayoungua ndani ya silinda, yaani ringi za pistoni au slivu zimelika, na mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto huashiria mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani ya silinda. Kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikiwa inanguruma, hewa inayotoka kwa nguvu ni dalili ya kile ambacho mafundi husema kuwa injini inapumua, maana yake mgandamizo unapenya kando ya pistoni na kushuka chini, na tiba yake ni kuifungua injini nzima. Rejeta ikitoa mapovu mfululizo, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi inayomlazimu mnunuzi kuondoka. Kila moja ina bei yake ya matengenezo inayojulikana kwa fundi, na bei hiyo ndiyo inayopaswa kutolewa katika bei ya trekta.

Sehemu ya nyuma ya trekta ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu haitoi moshi. Mwaka 1926 Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini alipata hataza ya mfumo wa kufunga zana kwa pointi tatu, na mfumo huo, uliokuja kuunganishwa na hidroliki inayoinua na kupima kina cha jembe, ndio uliolifanya trekta dogo liweze kazi iliyokuwa ikihitaji zito. Kwa hiyo trekta ambalo hidroliki yake imechoka ni nusu trekta, hata injini yake ikiwa nzima. Kipimo chake ni rahisi: zana nzito hufungwa, huinuliwa hadi juu, injini huzimwa, na mtu huangalia ikiwa mikono itabaki juu au itashuka yenyewe; ikipanda kwa kushtukashtuka, pampu au valvu ina tatizo. Katika Massey Ferguson nyingi za zamani oili ya hidroliki na ya giaboksi ni moja, na trekta lililokaa miaka kwenye mvua bila kifuniko cha mpira kwenye mkono wa gia huingiza maji humo, hivyo oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni taarifa kuhusu beringi, gia na pampu kwa pamoja. Klachi ina ujanja wake pia. Kwenye matrekta mengi ni ya hatua mbili, ambapo kukanyaga nusu husimamisha magurudumu na kukanyaga hadi chini husimamisha PTO, na hatua mojawapo ikiwa imekufa trekta linapaswa kutenganishwa katikati ili kuifikia, kazi ambayo gharama yake iko zaidi kwenye ufundi kuliko kwenye spea.

Vipimo hivyo vyote hufanywa trekta likiwa halivuti mzigo, nalo trekta lisilovuta mzigo ni hodari wa kuficha. Gia inayochomoka yenyewe, injini inayochemka na klachi inayoteleza huonekana pale tu mzigo unapoivuta mashine nyuma, na yadi za Kurasini hazina shamba. Mnunuzi anaweza kuomba tela lililojaa livutwe kwa gia ya juu, au trekta liendeshwe huku breki zikikanyagwa kidogo kidogo kwa muda wa kutosha kulipasha moto, na muuzaji anayelikataa ombi hilo bila sababu ya maana huwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Fundi wa kumsindikiza mnunuzi ni muhimu, na inafaa awe wa mnunuzi mwenyewe, aliyelipwa na mnunuzi, kwa maana dalali wa mlangoni huwa na fundi wake tayari na wote wawili hula kutokana na mauzo kukamilika.

Baada ya chuma huja namba. Trekta lina namba ya chesisi na injini ina namba yake, na zote zinapaswa kufanana na zile zilizomo katika nyaraka za forodha na kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Namba za injini za Perkins zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970 husomeka kama sentensi fupi, kwa kuwa herufi za mwanzo hutaja jamii ya injini, herufi ya katikati nchi ilikoundwa, U ikiwa Uingereza, na herufi ya mwisho mwaka. Hivyo trekta linalodaiwa kuwa la miaka ya 1990 likiwa na injini ya miaka ya 1970 hujulikana papo hapo. Namba iliyosagwa ni hatari zaidi ya udanganyifu wa umri, kwa kuwa huweza kuficha wizi. Wizi wa matrekta nchini Uingereza ulikua kiasi cha kuanzishwa, mwaka 2007, mfumo wa CESAR wa kuyatia alama za siri na vibati vya utambulisho, na mtu anayelinunua trekta la wizi bila kujua hapati umiliki kwa sababu tu alilipa.

Kwa matrekta yaliyotumika hapahapa nchini, swali la umiliki huchukua sura ya deni. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, serikali iliagiza kwa mkopo kutoka India matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliyouzwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, mengi yao kwa malipo ya awamu, na shirika hilo lilitumia miaka kadhaa kuwafuatilia wadaiwa wake. Trekta la namna hiyo, kama lile lililonunuliwa kwa mkopo wa benki, linaweza kuwa zima kabisa kimakanika na bado likawa na kasoro kubwa kuliko zote, yaani mtu mwingine ana haki ya kulichukua.

Matrekta madogo ya Kijapani yana mtego wa peke yake. Mengi yaliundwa kwa soko la ndani la Japani, na modeli zake hazilingani na zile ambazo kampuni hizohizo ziliziuza ng'ambo, hivyo fundi huagiza spea kwa jina linalofanana akaletewa kitu kisichoingia. Maandishi ya mikono ya gia na tahadhari nayo ni ya Kijapani. Nchini Marekani, Kubota iliyapinga mauzo ya matrekta yake kuukuu ya aina hiyo mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo, na uamuzi wa mwaka 1997 wa kuzuia uingizaji wake ulithibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 1999 katika shauri la Gamut Trading, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba lugha ya maelekezo na upatikanaji wa spea na huduma vilikuwa tofauti na mnunuzi alivyotarajia. Kampuni ilikuwa ikilinda soko lake, bila shaka, lakini hoja yake ya spea ilikuwa ya kweli. Kwa bustani za mboga na majaruba ya mpunga matrekta hayo hufaa sana, mradi mnunuzi awe amekwisha kumpata mtu anayeuza spea zake kabla ya kuinunua mashine.

Upande wa haki za mnunuzi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, imefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na busara yake haimpendelei mnunuzi kwa urahisi. Inasema, kwa ufupi, kwamba mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi mahususi anayokitakia kitu, akitegemea ujuzi wa mfanyabiashara huyo, basi kuna sharti lisiloandikwa kwamba kitu hicho kitafaa kwa kazi hiyo. Sharti hilo hata hivyo halipo pale kitu mahususi kinaponunuliwa kwa jina lake la kibiashara. Tofauti hii ina maana kubwa yadini: anayesema anataka "Massey 290" amechagua mwenyewe na amejivika lawama, ilhali anayesema anahitaji trekta la kuvuta plau ya diski tatu katika udongo mzito wa Kilombero, na kuyafanya maneno hayo yaandikwe katika mkataba au hata katika ujumbe wa simu, ameibebesha yadi sehemu ya wajibu. Vilevile, aliyekikagua kitu hapati ulinzi kwa kasoro ambazo ukaguzi wa namna ile ulipaswa kuzionyesha, kwa hiyo ukaguzi wa harakaharaka una ubaya wa pande mbili, kwa kuwa hauioni kasoro na bado unaweza kuiondoa haki ya kuilalamikia. Masharti haya ya kisheria yanaweza pia kufutwa kwa makubaliano, na ndiyo kazi ya maneno kama "kinauzwa kama kilivyo" au "mali ikishatoka haipokelewi", ambayo mnunuzi huyatia saini bila kuyasoma na kisha akashangaa kuambiwa aliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa ridhaa yake.

Kasoro ikijitokeza baada ya trekta kufika shambani, njia ya kulirudisha huwa imeshakuwa nyembamba, kwani aliyekwisha kukipokea kitu na kukitumia kama chake kwa kawaida hubaki na dai la fidia tu. Kwa sababu hiyo anayegundua tatizo anapaswa kuacha kulitumia trekta, kumwarifu muuzaji kwa maandishi mara moja pamoja na picha na maelezo ya fundi, na kutoifungua injini kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuiona, kwa maana injini iliyokwisha kufunguliwa huzua ubishi usioisha kuhusu nani aliiharibu. Risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, yenye namba ya chesisi ndiyo inayothibitisha kwamba mauzo yalifanyika na kwa bei gani. Punguzo linalotolewa kwa sharti la kutotoa risiti huwa limeondoa thamani kubwa kuliko lilichopunguza. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, hushughulikia taarifa za uongo katika biashara na pia bidhaa bandia, zikiwamo spea feki. Wengi hawafiki huko, na si kwa woga: shauri huchukua muda, na mvua za kupandia hazisubiri hukumu. Hasara ya msimu mzima kwa mtu anayelimia wengine kwa malipo ya ekari ni ngumu kuithibitisha, na ndiyo maana kubakiza sehemu ya malipo hadi trekta lilime siku moja au mbili, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulikubali likiombwa kabla ya bei kufungwa, lina nguvu kuliko vifungu vingi vya mkataba.

Kwa anayekubali kasoro na kuitengeneza, yapo mashirika ya kuyaendea. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioanzishwa mwaka 1994, umekuwa ukikopesha fedha za kununulia matrekta na pia za kuyakarabati, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, hufanya majaribio ya zana na mitambo ya kilimo, ingawa mnunuzi wa trekta moja la mtumba atamtegemea zaidi fundi wake. Wakati wa kununua nao una uzito wake: trekta lililonunuliwa kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, lina miezi ya kujaribiwa na kufunguliwa kabla ya mvua za Novemba katika mikoa ya kati, lakini lililonunuliwa Oktoba, bei zikiwa zimepanda na wanunuzi wakisukumana, huenda moja kwa moja kwenye kazi na ubovu wake. Spea za kawaida, yaani vichujio, mikanda, pampu ya maji, sahani ya klachi na sili za hidroliki, hununuliwa Gerezani na Kariakoo siku ileile trekta linapopandishwa lori, zikilinganishwa kwa mkono na zile kuukuu zilizotolewa kwenye mashine, kwani kutoka Kurasini huo ni mwendo mfupi. Kutoka Mlimba au Kiteto, spea hiyohiyo huagizwa kwa simu, hutumwa kwa basi, hufika ikiwa si yenyewe, na fundi hulipwa kwa kila siku anayoisubiri nyingine.